Aliyeanua Kwanza

Tarehe tisa Aprili nilimpoteza mke mwenzangu. Yeye alikuwa mikayi, mke wa kwanza, na mimi nyachira, wa pili. Alianguka jikoni kwake asubuhi, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana alikuwa ameshakwenda. Mume wetu alitutangulia kuiacha dunia miaka mingi nyuma, kwa hiyo katika boma lile tulibaki wawili, kisha nikabaki mimi.

Walionipa pole walinitazama usoni kuona kama ninaomboleza kweli. Wengi huamini mke mwenza hulia kwa jicho moja. Nitasema ilivyokuwa. Sikumpenda siku zote. Kuna mwaka mzima hatukusalimiana kwa sababu ya mbuzi. Lakini baada ya mazishi nilikuwa nikichemsha chai nyingi kuliko ninavyoweza kunywa, na sikuweza kukaa mahali. Nikikaa nyumbani nataka kwenda ufuoni, nikifika ufuoni nataka kurudi nyumbani. Mpaka leo miguu yangu haijatulia vizuri.

Kwetu Asembo mikayi ndiye hutangulia. Msimu wa kupanda, nyachira hashiki mbegu kabla mikayi hajatupa zake. Kuvuna vilevile. Niliolewa nikiwa msichana wa darasa la saba, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote la maana. Sikulalamika. Kufuata kuna raha yake. Kosa likitokea, si lako.

Alipokufa, shambani hapakuwa na tatizo. Mwanawe mkubwa alikuja kutoka kazini, akatupa mbegu kwa niaba ya nyumba ya mama yake, nami nikafuata nyuma na jembe langu. Utaratibu upo, kila mtu anaujua. Tatizo lilikuwa ufuoni, ambako hakukuwa na utaratibu wowote. Kulikuwa na yeye tu.

Sisi ni wanawake wa kuanika omena, dagaa wadogo wa ziwani. Mashua zinarudi alfajiri, tunanunua kwa ndoo, tunatandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na nyasi, tunamwaga omena na kuitawanya kwa mikono mpaka kila samaki apate nafasi yake ya jua. Siku ikiwa nzuri, alasiri imekauka na inalia kama majani makavu ukiikoroga. Ikinyeshewa ikiwa bado mbichi, inachacha, na wa kuinunua ni mtu wa chakula cha kuku tu. Kazi yote imesimama juu ya swali moja: tuanue sasa au tungoje?

Swali hilo lilijibiwa na mke mwenzangu kwa miaka yote niliyokuwa pale, bila yeye kusema neno. Alikuwa akianika peke yake mwishoni, kwenye kilima kidogo kupita banda la samaki. Tukiwa tumekaa kivulini tunapiga domo, ghafla unamwona amesimama, anafunga leso kiunoni, anaanza kukusanya omena yake kuielekeza katikati ya wavu. Basi. Ufuo mzima unasimama. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mara nyingi jua lilikuwa linawaka, na wageni walitucheka. Baada ya muda mvua inakuja.

Hakuwa na cheo chochote. Kamati ya bichi inashughulika na mashua na leseni. Hakuna aliyemchagua, na kama ungemwita kiongozi angekuuliza umelewa nini.

Mvua ya kwanza baada ya mazishi ilitukuta wote pale. Nakumbuka upepo ulibadilika, na baridi ikanigusa mikononi. Nilijua. Nadhani wengi walijua. Lakini tulifanya kitu ambacho nikikifikiria mpaka leo kinaniudhi: sote tuligeuza vichwa kutazama kilimani, ambapo hakuna mtu. Tukamngoja marehemu asimame. Tulipoacha kungoja, matone yalikuwa yameshaanza, na tulikimbia tukigongana, tukikanyaga omena zetu wenyewe. Wiki hiyo kuku wa Kisumu walikula vizuri.

Mwenyekiti wa bichi alikuja kutupa pole. Ni mtu mwema. Akatuambia tuchague mmoja wetu, naye atamnunulia filimbi, awe anapiga mvua ikikaribia. Jirani yangu wa kuanika, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Sawa, Bwana," akasema. "Na mawingu yatajuaje kwamba tumemchagua?"

Tulicheka mpaka mwenyekiti mwenyewe akacheka. Lakini baada ya kicheko wanawake walinitazama mimi. Mmoja akasema wewe ndiye uliyekula naye chungu kimoja, lazima alikuambia. Niliwaambia hakuniambia kitu. Hawakuniamini, na niliona wengine wananifikiria mchoyo, kwamba nimeificha siri ya mwenzangu. Nilikataa filimbi. Si kwa unyenyekevu. Niliogopa.

Mwezi uliofuata akina mama wa kanisa wakanilipia nafasi kwenye mafunzo ya siku moja Kisumu mjini. Nadhani walitaka tu nitoke nyumbani. Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa, tukapewa chai na mandazi, na dada mmoja kijana, mpole, akatufundisha juu ya uongozi usio na cheo. Alisema mambo mengi, na sikuyashika yote. Kisha akatuambia tufumbe macho tujione tulivyo miaka mitano ijayo, tumwambie jirani maono yetu. Mwenzangu wa kulia aliona duka la jumla. Wa kushoto aliona mtoto wake akiwa daktari. Mimi nilifumba macho nikaona kilima kitupu kilicho na nyasi. Nikasema sioni kitu.

Wakati wa chakula yule dada alikuja akakaa nami. Nilimsimulia habari za mke mwenzangu, jinsi ufuo wote ulivyomfuata bila yeye kusema. Nilitaka amsifu. Aliacha kula akafikiri, kisha akauliza, "Mama, na alimfundisha nani?"

Nilimaliza chapati yangu, nikainuka. Njia yote ya kurudi nilimkasirikia. Nilisema moyoni, huyu mtoto anamhukumu maiti. Nilipofika nyumbani bado nilikuwa nabishana naye, nikifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Na katikati ya kufagia nikajikuta nimekasirikia mtu mwingine. Alimfundisha nani? Mimi niliishi naye uwanja mmoja tangu nikiwa msichana, na hakuniambia hata neno. Na mimi sikuuliza. Nyachira haulizi.

Siku iliyofuata nilipanda kile kilima.

Lazima nieleze jambo hili, maana mtu wa mbali anaweza kutuona wajinga. Baada ya mazishi hakuna aliyeanika mahali pake. Hakuna aliyekataza. Tuliacha tu, kama unavyoacha kiti cha mtu. Tulisogeza nyavu zetu chini, tukabanana, na nyasi za kilimani zikaota juu ya alama za nyavu zake. Ilikuwa heshima. Nami nilikuwa wa kwanza kuipinga heshima hiyo siku nilipokwenda kukaa pale, si kuanika, kukaa tu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kupeleka hasira.

Nilipokaa nikatazama. Kule chini tunakoanika, banda limetuziba upande wote wa mashariki. Tunaona ziwa mbele yetu na mbingu ya juu ya ziwa, basi. Pale kilimani banda liko chini yako. Unaona ghuba yote mpaka upande wa Kisumu, na nyuma yake unaona mbali, kule mawingu ya mchana yanakojikusanya. Mvua zetu za alasiri nyingi zinatoka huko. Zinakuja juu ya maji pole pole, zikiwa nyeusi chini, na sisi tulikuwa tumekaa nyuma ya ukuta wa mabati tukitazama upande mwingine.

Sitaki kusema hakuwa na akili. Alikuwa nayo, na pengine aliona mambo ambayo mimi sitayaona kamwe. Lakini nusu ya hekima yake ilikuwa mahali alipokaa, na mahali penyewe tulikuwa tumepazika pamoja naye.

Nilianza kuanika kilimani. Walinisema, na sikushangaa. Jirani yangu aliuliza kwa sauti, akimtazama mtu mwingine, kama siku hizi nyachira akimzika mikayi anarithi na kitanda. Mama mmoja mzee alinivuta pembeni, akanionya kwa upole kwamba watu wanasema nimemkalia mwenzangu kichwani. Nilimjibu kwamba kaburi lake liko nyumbani, nyuma ya nyumba yake, na kila asubuhi ninapita hapo. Akasema anajua. Akasema hata hivyo.

Kosa langu lilikuja upesi. Siku moja, jua likiwa kali, niliona wingu limesimama upande wa Kisumu, jeusi kama sufuria. Nilifanya kama alivyofanya yeye: nikasimama, nikafunga leso, nikaanza kuanua bila neno. Sikutaka kutazama kama wananifuata, lakini nilitazama. Walinifuata. Wote, hata yule mwenye mdomo. Kwa muda mfupi nilijisikia mtu mkubwa, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Wingu lile lilikwenda zake bara. Jua halikufifia hata kidogo. Omena ilikuwa mbichi, tumeirundika chini ya maturubai, ikapata joto. Tulipoifungua ilikuwa imeanza kulainika na kutoa harufu. Tukaitandaza tena, lakini ikakauka ikiwa nyeusi, imevunjika vichwa. Mnunuzi wetu, mama wa Kikuyu anayeishi Kisumu na ambaye amenunua kwetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alichukua samaki mmoja akamnusa, akamrudisha taratibu.

"Hii ni ya kuku, mama," akaniambia. "Mimi sitakudanganya."

Wanawake hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Jirani yangu ndiye pekee aliyesema, akikusanya nyavu zake, "Mikayi angengoja." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma.

Siku zilizofuata sikuweza kula vizuri. Nilikwenda ufuoni, lakini nilianika chini tena, nyuma ya banda, na kila upepo ulipogeuka niliona wananichungulia, nami nikainamisha kichwa. Siku moja tukanyeshewa. Siku nyingine tulianua kila mtu kivyake, nusu mapema, nusu kwa kuchelewa. Niliona kwamba tutaachana. Wawili walishasema watahamia kuuza mboga. Na ufuo wenye wanawake wachache hauna mnunuzi; gari halitoki Kisumu kwa ajili ya magunia machache. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, kuliko aibu yangu.

Binti yangu ameolewa Muhoroni, mumewe anafanya kazi kiwandani. Akaniambia niende nikapumzike. Nilikwenda nikiwa na nia ya kukaa, hata nikabeba sufuria yangu. Nyumba yao iko kando ya njia ya trekta za miwa, zinapita mchana kutwa zikidondosha miwa, na hewa ina utamu unaochosha. Wajukuu walinipenda. Lakini kila adhuhuri nilijikuta nimesimama nje nikitazama milima ya Nandi, na pale mawingu yanazaliwa machoni pako. Unayaona yakiwa madogo, meupe, kisha yanashikana. Nilimuuliza binti yangu hayo yanakwenda wapi.

"Mama, kaa chini," akasema. "Hata hapa huna omena."

Nilikaa. Nikasimama tena. Mwisho wa juma nilifunga mizigo, na yeye hakubishana.

Njiani kurudi gari liliharibika Awasi. Tukashushwa sokoni, na tulipokuwa tunangoja, mvua ikapiga. Ilikuwa mvua ya nguvu, wauzaji wakakimbiza nyanya zao chini ya vibaraza. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la simiti, nikaona kwamba upepo unaipeleka magharibi, kuelekea ziwa. Ilikuwa kama saa saba mchana. Nilijua omena ya wenzangu iko nje, na nilijua pia kwamba wingu langu la kwanza lilinidanganya, na hili lilikuwa mbali zaidi.

Nilitoa simu nikairudisha. Nikaitoa tena. Nikampigia jirani yangu, yule yule.

Nilimweleza niliko na ninachokiona. Akaniuliza moja kwa moja: tuanue? Na hapo ndipo nilipotaka kusema ndiyo, ili nikipatia wasahau aibu yangu, au hapana, ili nisiwe na lawama. Sikusema lolote kati ya hayo. Nikamwambia, "Sijui. Huku inanyesha, na upepo unakuja kwenu. Wewe unaona nini huko?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sioni kitu," akasema. "Banda limeziba."

"Basi panda kilimani."

"Kwa mikayi?"

"Kwa mikayi."

Nilimsikia akipanda, anahema kwenye simu, anajilaumu kwa uzito wake. Akafika juu. Akaniambia kwa mbali sana kuna weusi, lakini juu ya maji bado kweupe, na ziwa limeanza kukunjamana upande wa kushoto. Akaniambia hilo la ziwa kukunjamana ameliona siku zote, na kila mara huja na upepo baridi. Mimi sikulijua. Akasema watangoja kidogo, wakianua kwanza ile iliyokauka. Alikata simu kabla sijasema lolote.

Nilifika jioni. Walikuwa wameanua zile kavu, na zile mbichi zilipigwa na manyunyu kidogo tu, kisha jua la mwisho likazikausha. Hakuna aliyenishukuru. Lakini walikuwa wanabishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mpya: mmoja anasema ishara ni ndege weupe wanapohama maji, mwingine anasema ni harufu, yule mama mzee anasema ni goti lake la kulia, na jirani yangu anashikilia mikunjo ya ziwa kama mtu aliyeandikishiwa shamba. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokijua tangu zamani, amekitunza kimya, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kujua kwa niaba yetu.

Yule dada wa Kisumu aliniuliza maono yangu. Kama angeniuliza tena jioni hiyo ningemjibu, ingawa ni jibu dogo na nina wasiwasi nalo hata sasa. Sitaki watu wanifuate. Nataka nikifa asubuhi, omena ianuliwe alasiri.

Tukaanza kuanika kilimani kwa zamu, kila siku mtu mwingine. Aliye juu anasema anachokiona, kwa sauti, na walio chini wanasema chao. Ni kelele. Mara nyingi hatukubaliani, na tumeshanyeshewa. Mimi nimejilazimisha kusema kila ninachokiona, hata ninapoona haya, hata ninapokuwa sina uhakika; na kusema "sijui" mbele za watu ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Mwenyekiti alikuja tena kuuliza kama tumeshapata wa filimbi. Nilimwambia bado. Usiku huwa nafikiri nimeuharibu ufuo wa mwenzangu, ambao ulikuwa kimya na ulikuwa unasikia. Asubuhi nafikiri vingine.

Juzi zamu ya kilimani ilikuwa yangu. Anga lilikuwa safi. Upande wa Kisumu hapakuwa na kitu, maji yametulia kama uji uliopoa. Nilikuwa nimewaambia hivyo, na nilikuwa na hakika. Nikamwona jirani yangu kule chini, nyuma ya banda, mahali ambapo huoni chochote, amesimama anafunga leso.

Akaanza kuanua.

Wanawake hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Nikaelewa kwamba nikiendelea kukaa, watakaa wote, naye atabaki peke yake na karai lake, na hatasimama tena siku nyingine. Nilitazama mashariki mara moja zaidi. Kweupe. Nikamuuliza kwa sauti ameona nini.

"Sijaona kitu," akajibu bila kuinua kichwa. "Shingo yangu imeona. Wewe kaa tu hapo juu na macho yako."

Watu wakacheka. Mimi nilisimama, nikavuta ncha ya wavu wangu. Sikumwamini, na niliivuta. Mmoja akafuata, kisha wengine, wakinung'unika kwamba jua lote hili linapotea. Tulipofunga mlango wa banda jua lilikuwa bado linawaka. Tukakaa ndani juu ya magunia, tukimtania kuhusu shingo yake, naye amenuna, hataki kumtazama mtu, mpaka bati la paa likaanza kulia kwa matone.